Fundi Kefa na Betri za Gari la Matangazo

Kefa hajawahi kumaliza sahani ya ugali akiwa amekaa. Nimekula naye mara nyingi, nasema ninachokijua. Atakula matonge matatu, la nne ataondoka nalo mkononi kwenda kuangalia kama gari la mtu lililolala karakana limekazwa nati za betri. Atarudi, atakula mawili, atakumbuka fyuzi. Mke wake Magdalena alishakata tamaa siku nyingi. "Mimi nimeolewa na feni," husema, kisha anamfunikia chakula chake.

Mimi ni Paschal, naendesha bodaboda hapa Kiomboi, na kijiwe chetu kiko mbele ya karakana yake. Miaka kumi na moja nimemwangalia mtu huyu akizunguka magari ya watu, na kuna siku nilichoka kwa kumtazama tu, yeye hajachoka. Siwezi kusema ni rafiki yangu, maana rafiki hutulia mkaongea. Lakini nikiumwa yeye ndiye anayekuja kuuliza, anaulizia mlangoni, na kabla hujamjibu ameshaanza kukagua swichi ya taa yako ukutani.

Kazi yake ni umeme wa magari. Aliujulia Manyoni, si darasani bali chini ya malori yaliyokuwa yakilala pale yakienda na kurudi Dodoma. Aliporudi kwetu Iramba alikuwa na testa moja na koleo moja, vingine vyote akavipata kwa mikono yake, na jina likiwemo. Mtu akiuza gari hapa hasemi lina injini nzuri. Anasema, "Umeme kapiga Kefa," na mnunuzi anaacha kuuliza maswali.

Sasa hapo ndipo nilipokuwa nakasirika naye. Kefa hakosei. Taa ikizima, panya wamekula waya. Betri ikifa, dukani walikuuzia iliyokwisha. Gari likigoma kuwaka, barabara ya Nduguti imelitikisa. Nimezisikia sababu zake zote, nyingine nimezisikia mara mbili kwa magari mawili, na wenye magari wanaitikia kwa kichwa na kusema asante. Nilikuwa nabaki juu ya pikipiki yangu nauma meno kwa niaba yao.

Lakini haki yake nimpe. Usiku halali. Aliwahi kunikodi kwenda mpaka Nduguti na kurudi, eti hakumbuki kama alikaza nati moja ya altaneta, ile mashine inayojaza betri injini ikizunguka. Tukafika, mwenye gari anashangaa, Kefa akainama na spana yake, nati imekazwa kama iliyozaliwa pale. Nikamuuliza njia yote hii tumekuja kufanya nini. Akasema, "Tumekuja kuona." Mtu wa namna hiyo utamfanyaje?

Ana mtoto mmoja wa kike, Jesca, miaka ishirini na mbili. Huyu amekulia karakana. Alipokuwa mdogo alikuwa anamshikia baba yake tochi, na Kefa alikuwa anamfokea kama anavyomfokea fundi mzima: mwanga huku, si huko, waya unaufuata tangu unapoanzia, usikurupuke. Sauti ya Jesca ni ya peke yake, haikwaruzi wala haichoki, na mwaka jana akapata kazi ya kutangaza kwenye gari la Marko.

Marko ni mtu wa Nduguti, ana pikapu ya zamani yenye spika nne nyuma. Gari hilo ndilo linalopita vijijini kutangaza mikutano, mnada, chanjo, misiba, wanunuzi wa alizeti, kila kitu. Kefa hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Alisema hakumsomesha mtoto ili akapige kelele barabarani. Magdalena akamwambia mtoto anapiga kelele kwa ruhusa, yeye anapiga bila ruhusa. Basi akanyamaza, ila gari likipita mtaani kwetu Jesca akitangaza, Kefa alikuwa anawasha mashine ya kunolea ili asisikie.

Mwezi wa saba Marko akalileta gari mwenyewe. Spika zilikuwa zinanyonya betri. Jesca akitangaza dakika ishirini sauti inaanza kuzama, gari nalo haliwaki tena, mpaka watu walisukume. Marko alikuwa amenunua betri mbili kubwa, akataka zifungwe nyuma ziwe za spika tu, zijazwe na altaneta gari likitembea.

Kazi kama hiyo Kefa anaipenda kuliko chakula. Alimwita fundi wa kuchomelea akatengeneza sanduku la chuma, betri zikakaa humo zimebanwa zisicheze. Akapitisha waya mnene kama kidole kutoka betri ya mbele mpaka nyuma, akauvalisha mpira kila ulipogusa chuma, akaweka fyuzi hatua moja kutoka betri ya mbele. Betri mbili akaziunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kisha ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. Huo aliufanya mfupi, akakwangua rangi ya bodi la nyuma, lile la kubebea mizigo, kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga kwa bolti, akapaka grisi. Niliiona kazi hiyo. Ungeweza kuila.

Kawaida yake akimaliza kazi ya spika, anapiga muziki kwa nguvu saa nzima injini ikiwa imezimwa, mpaka betri zichoke kabisa. Halafu anawasha gari, betri zinaanza kunywa, na yeye anapita kila waya akiugusa kwa mgongo wa mkono. Waya ukiwa wa moto, kuna kosa. Mtaa mzima tunaijua saa hiyo ya Kefa, tunaivumilia.

Lakini jioni ile aliyomaliza, kwa jirani yetu Raheli kulikuwa na msiba wa mama yake. Na kwetu jirani akiwa na maiti ndani, hata redio ya mkononi inazimwa. Turubai la waombolezaji lilikuwa limefika mpaka ukuta wa karakana. Ningekuwa mimi ningeliondoa gari nikalipeleka mbali, uwanjani huko, lakini hebu fikiria: watu wanajiandaa kuchimba kaburi, wewe unatoka na spika nne kwenda kuzipigia muziki porini. Wangemsema hadi anakufa. Kefa akachukua mita ya umeme, akapima, mita ikasema safi. Akapima mara tano. Safi. Asubuhi Joshua, dereva wa Marko, akaja kulichukua gari, akampakia Jesca, wakaondoka kwenda Sekenke kutangaza upimaji wa macho bila malipo.

Siku hiyo hiyo tulizika. Kefa makaburini alikuwa anahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule, mpaka mzee mmoja akamuuliza kama ana haja ndogo. Tulipotoka tukapita kwa fundi wa kuchomelea, kuna mama anauza chai pale. Fundi yule alikuwa ameketi chini anakata tairi kuukuu kwa kisu, vipande kama sabuni.

"Hivyo vya nini?" Kefa akauliza. Hakuuliza kwa kutaka kujua. Mdomo wake pia hautulii.

"Vya kukalishia bodi la pikapu," yule akasema. "Barabara zetu hizi, bodi likikaa chuma kwa chuma linagonga mpaka abiria wanashuka na kichwa kinauma. Naliweka juu ya mpira. Hata bolti nazivalisha tyubu. La Marko nililikalisha hivi hivi mwezi wa tano, halitoi sauti."

Kefa alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka hewani, si mezani. Chai ikamwagika miguuni mwangu.

"Paschal," akasema, "washa."

Tulikuwa tumeshaliacha soko nyuma ndipo akaanza kunieleza, anapiga kelele sikioni kwangu, mate yanaruka. "Nimefunga ethi kwenye bodi! Bodi limekaa juu ya tairi! Halijagusana na gari!"

"Si mita ilisema safi?"

"Mita inaonja tu! Umeme mdogo unapita popote. Kuna kawaya ka taa ya nyuma, kembamba, kametoka kwenye bodi kanaenda mbele. Umepita humo, mita ikaridhika. Sasa wale wamepiga matangazo, betri zimekwisha. Joshua akiwasha gari, altaneta inasukuma umeme wote. Na umeme ukienda lazima urudi. Utarudi kwa kale kawaya!"

"Si kuna fyuzi?"

"Fyuzi ni ya waya mnene! Kawaya kataungua kwanza, fyuzi imekaa tu inaangalia!"

Nikauliza swali ambalo sikutaka jibu lake. Kawaya kenyewe kanapita wapi? Akasema kanapita pembeni ya sanduku la betri. Hapo Joshua ndipo anapofungaga dumu lake la petroli ya safari. Na Jesca hukaa nyuma pale pale, kwenye kiti kidogo, na maiki yake.

Niliipa pikipiki moto mpaka ikalalamika.

Kefa alipiga simu njia nzima. Ya Jesca ilikuwa imezimwa. Huizima akitangaza, kwa sababu simu inakoroma ndani ya spika. Ya Joshua iliita, ikaita, ikakata. Kila ilipokata, Kefa alinipiga mgongoni kwa ngumi, kama mimi ndiye mtandao. Tulipofika Misigiri na kuingia barabara kuu alitaka tusimamishe basi linalotangulia. Nikamwambia basi haliwezi kunishinda leo. Kuna mahali tuliona moshi mweusi mbele, umesimama wima juu ya miti, na nilimsikia nyuma yangu akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanaume. Ilikuwa tanuru ya matofali. Tuliipita, vijana wa pale wakatupungia mkono. Nilitaka kuwatukana.

Wakati wote huo alikuwa anasema jambo moja, si kwangu. "Sikuinama. Kwa nini sikuinama?" Angeinama chini ya gari mara moja tu angeuona mpira. Huyu mtu aliyenipeleka Nduguti kuangalia nati!

Sekenke tulifika jua limeshapinda. Gari lilikuwa limesimama kando ya barabara mbele ya duka linalouza sururu na makarai ya wachimbaji wa dhahabu. Lilikuwa zima. Halijaungua. Kefa alishuka pikipiki ikiwa bado inakwenda, karibu atuangushe sote.

Jesca alikuwa ameketi kwenye ngazi ya duka, mkono wa kulia umezama ndani ya beseni la maji. Watu kama thelathini walikuwa wamejaa pale, wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope, akina mama waliokuja na wazee wao kuulizia habari za macho, na katikati yao Joshua anaeleza na mikono inaruka.

"Shikamoo fundi!" Joshua akasema alipomwona. "Daah, afadhali umekuja."

"Marahaba. Kumetokea nini?"

"Mwanao, fundi. Tumepiga matangazo hapa injini imezimwa, saa nzima na zaidi, sauti safi, kazi yako haina maneno. Nawasha gari tuondoke, dakika chache tu nasikia huyu anapiga kelele nyuma. Nashuka, moshi! Na waya wako kashaung'oa. Namuuliza vipi, ananiambia alikuwa anauchezea, eti alitaka kuuhamisha. Kazi yako, fundi! Nani anagusa kazi ya Kefa? Nimempigia bosi, kasema aache maiki hapo hapo, arudi kwao."

Watu wakaguna. Mama mmoja akasema watoto wa siku hizi hawana adabu na vitu vya watu. Mchimbaji mmoja mnene, mwenye pikapu yake nyeupe imesimama ng'ambo ya barabara, akasema, "Kama umeme kapiga Kefa, haukuwa na haja ya kuguswa. Hata langu kapiga yeye."

"Shikamoo, baba," Jesca akasema, hakuinua uso. Halafu akanisalimia na mimi.

Nilielewa kila kitu pale pale, na nadhani hata wewe umeelewa. Hakuna waya uliochezewa. Mtoto alisikia harufu, akafuata waya tangu unapoanzia, akakashika kale kawaya ka taa kakiwa kanawaka, akakang'oa kwa mkono mtupu kando ya dumu la petroli. Kisha akasema ni kosa lake. Kwa hiyo watu walikuwa wamemzunguka aliyewaokoa, wanamsema, na mwenye kosa wanamwamkia.

Nikamwangalia Kefa. Sikujua atasema nini, na nasema ukweli, nilitegemea panya. Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yake, wala hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kunyamaza tu, aikaze ethi panapostahili, tuondoke na mtoto, na jina lake lingebaki kama lilivyo. Nilikuwa na hasira ya kumpiga teke.

Akalala chali, akaingia chini ya gari. Tukaona miguu yake tu. Alikaa huko muda wa kutosha mtu kusali. Alipotoka alikuwa na vumbi mgongoni na hakujipangusa.

"Joshua," akasema, "mpigie Marko. Weka sauti kubwa, wote hapa wasikie."

Joshua akapiga. Sauti ya Marko ikatoka, ina haraka zake. "Eeh, Joshua, huyo binti ameshaondoka?"

"Marko, ni Kefa. Waya wa ethi sikuufunga panapotakiwa. Nimeufunga kwenye bodi, na bodi limekaa juu ya mpira, halijashikana na chesisi, chuma cha gari chenyewe. Sikuinama kuangalia. Mtoto hajachezea kitu chochote. Waya wa taa umewaka karibu na petroli, na yeye ameung'oa kwa mkono wake. Una gari mpaka sasa hivi kwa sababu yake."

Joshua akashusha mikono.

"Wewe Kefa," Marko akasema, polepole, "si ulisema umelipima?"

"Nililipima kwa mita. Sikulipima ninavyopimaga. Ningetakiwa nikuambie gari halijawa tayari. Sikukuambia."

"Kwa hiyo ungeniunguzia gari na watu wangu."

"Ndiyo."

Nilisubiri aongeze neno. Barabara, betri, msiba wa Raheli, na msiba ulikuwa sababu ya kweli kabisa. Hakuongeza.

"Basi Joshua afungue betri zangu, asiziwashe tena," Marko akasema. "Nitampelekea gari fundi mwingine, Singida mjini. Na wewe Kefa gari langu usiliguse. Huyo binti mpeni maiki yake." Akakata.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemtukana Kefa, ingekuwa nafuu. Yule mchimbaji mnene alivuka barabara bila kuaga, akaenda kuinama chini ya pikapu yake nyeupe, akachungulia. Kefa alimwona. Nilimwona Kefa akimwona. Kufikia jioni, habari zingekuwa zimefika Shelui, na kesho kutwa Nduguti, na mimi naijua midomo ya kwetu, zingefika zikiwa zimenenepa.

Akaenda kuchuchumaa mbele ya beseni. Akautoa mkono wa Jesca majini, akaugeuza. Katikati ya kiganja kulikuwa na mstari mweupe, umevimba kandokando, upana ule ule wa waya.

"Ulijua kosa liko wapi?" akamuuliza.

"Nilijua, baba. Nilivyoona vile vipande vya tairi chini ya bodi nikajua."

"Sasa kwa nini ukasema ni wewe?"

Jesca akavuta pumzi. Alikuwa hajalia siku nzima, na sasa sauti yake ile isiyochoka ilikuwa imechoka. "Mimi nitapata maiki nyingine. Wewe jina utalitoa wapi?"

Kefa akalia. Alilia kwa sauti mbele ya Joshua na wachimbaji na mimi, kamasi zinamtoka, na hakujificha.

"Ungeungua, Jesca," akasema. "Hilo jina ningelifanyia nini?"